Uzito wa safari ni maji, si mafuta: anayepinga aje na hoja

#1 MzigoMwepesi
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Kazi yangu ni ya njiani, leo basi, kesho ndege, na karibu kila nirudipo nyumbani mizani hunionyesha kilo mbili hadi tatu zaidi ya zile nilizoondoka nazo. Wenzangu wote wanalaumu chakula cha hotelini. Mimi nimepiga hesabu na hesabu inawakataa.

Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Kwa hiyo anayesema amenenepa kilo tatu kwa safari ya siku nne anatuambia kwamba, juu ya mahitaji yake ya kawaida, amekula kalori zaidi ya 23,000, yaani alikuwa akila chakula cha watu zaidi ya watatu kila siku bila kupumzika. Sijamwona mtu wa namna hiyo.

Dai langu ni kwamba kinachoongezeka ni maji. Chakula cha kununua kina chumvi nyingi, na mwili huzuia maji ili kuizimua chumvi hiyo. Wanga unaozidi huwekwa kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hushikana na takriban gramu tatu za maji. Halafu kuna kukaa: vua soksi baada ya safari ya usiku kucha, utazame ule mfereji uliobaki juu ya kifundo cha mguu, kisha ubonyeze kwa kidole pembeni yake uone kishimo kinavyochelewa kujaa. Hayo si mafuta. Kwa hiyo nasema msafiri hana haja ya kujinyima chochote. Asubiri siku chache, ale chakula chake cha kawaida, atajisaidia haja ndogo mara nyingi na mambo yatakuwa yamekwisha. Anayepinga aje na hoja.

#2 BintiWaMilima
Hesabu yako ni nzuri kwa safari moja, kaka, lakini wewe mwenyewe umesema kazi yako ni ya njiani. Maji huondoka yote. Mafuta kidogo hubaki, na safari inayofuata huyakuta yakisubiri. Soda moja ya mililita 330 ina kalori 140 hivi, ukinywa mbili kwa siku kwa sababu basi limesimama na kuna joto, umekaribia 300. Kwa mwendo huo siku 28 za njiani zinatosha kukupa kilo moja ya mafuta halisi, na zipo kazi ambazo mtu husafiri siku mia moja na zaidi kwa mwaka. Mizani ya siku ya kurudi inaweza kudanganya kama usemavyo. Mkanda wa suruali je, nao unashikwa na chumvi?

#3 FundiWaJikoni
Niseme kutoka upande wa pili wa meza, kwa kuwa nimepika hotelini kwa muda mrefu wa maisha yangu ya kazi. Wageni wengi huogopa nyama na kukimbilia mboga, nao hawajui kwamba mboga zile zimemaliziwa kwa kijiko kikubwa cha siagi au mafuta dakika moja kabla ya kutoka jikoni ili zing'ae. Mayai ya kuvuruga hutiwa krimu yasikauke kwenye sinia la moto. Supu hukolezwa chumvi kwa sababu hakuna mgeni anayerudisha supu iliyokolea, ila isiyokolea hurudishwa.

Jambo kubwa zaidi ni bufee yenyewe. Watafiti wa lishe, Barbara Rolls akiwa miongoni mwa waliotangulia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walionyesha kwamba mtu hushiba ladha aliyokwisha kula, si chakula chote. Mbele ya ladha mpya hamu hurudi. Ndiyo maana anayesema hawezi kuongeza hata tonge la wali hupata nafasi ya vipande viwili vya keki. Nyumbani una vyakula viwili au vitatu mezani na hamu hujifunga yenyewe, lakini bufee ina arobaini. Ushauri wangu kwa wageni ninaowafahamu ni kwamba wazunguke meza nzima mikono mitupu, waone kila kitu mpaka mwisho, ndipo wachukue sahani. Anayeshika sahani mlangoni huijaza kwa mkate na soseji kabla hajafika kwenye matunda, na hakuna mtu anayerudisha soseji.

#4 DerevaMstaafu
Mnabishana juu ya sahani na mmesahau kiti. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo yao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa katika basi lilelile, njia ileile, lakini dereva alikaa zamu nzima na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipata maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini sana kuliko madereva. Nimeendesha magari ya masafa marefu na ninawajua watu wa kazi ile. Hatukuwa tukila zaidi ya utingo wetu, lakini vitambi vilikuwa vyetu, na utingo aliyekuwa akipanda juu ya mzigo na kushuka alibaki mwembamba.

#5 Mchunguzi
Kwa heshima zote, mzee wangu, utafiti huo unatajwa nusu kila mara. Morris na wenzake walirudi mwaka 1956 wakiwa na rekodi za sare za kazi, wakalinganisha viuno vya suruali, na ikaonekana kwamba madereva walikuwa na viuno vikubwa tangu wakiwa vijana wapya kazini. Maana yake ni kwamba huenda watu wanene zaidi ndio waliochagua usukani, wala si usukani uliowanenepesha. Zaidi ya hayo, swali la utafiti ule lilikuwa moyo, na swali la uzi huu ni uzito.

#6 DerevaMstaafu
Rekodi za sare nazifahamu, Mchunguzi, na wewe pia umezitaja nusu. Walipowapanga watu kwa maumbo yao, kondakta mwembamba kwa dereva mwembamba na mnene kwa mnene, tofauti ya vifo vya ghafla ilibaki palepale. Mwili wa kuanzia haukufuta kazi ya ngazi. Kuhusu uzito, mtu anayesafiri hataki tu kupungua kilo, anataka afike akiwa mzima, na mleta uzi akisoma alichoandika mwenyewe juu ya mfereji wa soksi ataona kwamba kiti kimo ndani ya hoja yake.

#7 MuuguziWaZamu
Kabla ya yote, nirekebishe jambo moja katika #1, kwa sababu lina hatari. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa na ikapungua baada ya kulala, hayo ni maji kama ulivyosema. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu, ukawa wa moto au mwekundu, usisubiri siku chache. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukipata pia maumivu ya kifua au pumzi fupi usisubiri hata saa moja. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, ingawa kwa jumla inabaki ndogo, mtu mmoja kati ya 6,000 hivi. Wala si ndege peke yake: basi, treni na gari vimo, kwa kuwa kinachosababisha ni kukaa bila kusogea. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu. Inua visigino, shusha, inua vidole, shusha. Jirani yako hatajua lolote.

Nikirudi kwenye mada, nashangaa kwamba hakuna aliyetaja usingizi. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu huwa na njaa ambayo chakula hakiimalizi, kwa sababu homoni ya njaa, ghrelini, hupanda na ile ya shibe, leptini, hushuka. Sisi wa zamu za usiku tunalijua hilo bila kusomeshwa: saa kumi alfajiri hakuna anayetamani tango. Msafiri huamka saa tisa usiku kuwahi gari, hunywa kahawa jioni ili asisinzie mkutanoni, na nusu ya kafeini ile bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Mpeni usiku mzuri kabla hamjamhukumu kwa bufee.

#8 MzigoMwepesi
Ahsante sana, dada, kwa maelezo ya mguu mmoja. Wasomaji wote wayazingatie. Hata hivyo naona kila mchangiaji anakuja na mshitakiwa wake. Fundi analaumu meza, mzee analaumu kiti, muuguzi analaumu kitanda. Kama wote ni wakosaji, mbona uzito wangu huondoka wenyewe kabla wiki haijaisha?

#9 BintiWaMilima
Huondoka wote, au huondoka ule unaotaka kuuona? Uliwahi kujipima mwezi mmoja baadaye?

#10 MzigoMwepesi
Mwezi mmoja baadaye huwa niko safarini.

#11 Mchunguzi
Hoja imejibiwa na mshitaki mwenyewe.

#12 SaaMbiliMbele
Wachangiaji wanaoongelea usingizi waongeze saa ya mwili. Anayevuka majira ya saa hubeba ndani yake saa ya alikotoka, na kwa kawaida huchukua takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti mpaka mwili uzoee. Kwenda mashariki ni kugumu zaidi, kwa sababu saa ya asili ya binadamu wengi ni ndefu kidogo kuliko saa 24, na ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Mwanga ndio unaoongoza saa kuu ya ubongo, lakini ini na utumbo vina saa zao zinazofuata pia nyakati za kula. Ukifika na ukala chakula kizito wakati mwili unadhani ni usiku wa manane, sukari ya damu hupanda zaidi na hushuka polepole. Mimi nikifika hula kwa saa za mwenyeji tangu mlo wa kwanza, kidogo kidogo, na asubuhi hutembea nje kwenye jua hata kama macho yanafumba. Baada ya kuanza utaratibu huo sikuhitaji kujadiliana na bufee yoyote.

#13 TumboLimefura
Na sisi ambao uzito wetu si maji wala mafuta, bali ni hewa na mzigo usiotoka? Ndani ya ndege shinikizo la hewa hushushwa hadi kufanana na la mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, kwa hiyo gesi iliyomo tumboni hutanuka, inaweza kufikia theluthi moja zaidi. Ukichanganya na soda yenye gesi na maharage uliyokula kabla ya kuondoka, utafungua mkanda kabla ya chakula kuletwa. Halafu siku tatu zinazofuata choo hakipatikani, kwa sababu mtu hanywi maji akiogopa kuomba gari lisimame, hali matunda, na anabana haja asubuhi kwa kuwa gari linaondoka, wakati asubuhi baada ya kula ndipo utumbo mpana unapokuwa tayari zaidi. Mleta uzi, hesabu yako ya #1 haina safu ya kitu hicho.

#14 FundiWaJikoni
Hapo umenena. Parachichi, papai, karanga na maji. Mengine ni kusubiri.

#15 ChumaKidogo
Uzi mzima unapima kilo na hakuna anayepima nguvu. Mimi si mwoga wa kilo mbili, naogopa kurudi nikiwa siwezi kubeba nilichokuwa nikibeba. Habari njema ni kwamba nguvu za misuli hazikimbii haraka. Mtu aliyezoea mazoezi akiacha kwa wiki mbili au tatu hupoteza kidogo sana. Pumzi ndiyo inayoanza kushuka mapema zaidi. Tena kulinda nguvu kunahitaji kazi ndogo kuliko kuzitafuta: kipindi kimoja au viwili kwa wiki vinatosha, mradi uzito wa zoezi usipunguzwe. Watu hufanya kinyume chake, wanafanya mazoezi mepesi kila siku chumbani, kisha wanachoka na kuacha yote.

Ninachobeba ni mkanda mmoja wa mpira unaojaa kiganjani. Fundo linapita juu ya mlango, mlango unafungwa, na fundo linakaa upande wa pili. Simama upande ambao mlango unaufuata unapofungwa, ili ukivuta uwe unaukaza kwenye fremu badala ya kuufungua, na weka fundo karibu na bawaba, si karibu na kitasa. Jaribu kwanza kwa kuvuta polepole, kwa kuwa milango mingine ya hotelini ni mepesi. Hapo una zoezi la mgongo, ambalo pushapu na kuchuchumaa haviwezi kukupa.

#16 DakikaNne
Mbona mnajitesa? Yupo Mjapani, Izumi Tabata, aliyethibitisha mwaka 1996 kwamba dakika nne zinatosha: sekunde 20 za kujituma, sekunde 10 za kupumzika, mara nane. Hufanya hivyo pembeni ya kitanda nikaenda kuoga.

#17 Mchunguzi
Alithibitisha kwa vijana waliokuwa na mazoezi tayari, wakiwa juu ya baiskeli ya maabara, kwa kasi ya takriban asilimia 170 ya kile ambacho uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ungeweza kuhimili, siku nne kwa wiki, na siku ya tano waliongezewa nusu saa ya mwendo wa kawaida. Kufikia raundi ya saba au ya nane walikuwa hawawezi tena. Kama wewe unamaliza na kwenda kuoga bila kukaa sakafuni kwanza, unafanya zoezi jingine, zuri pengine, lakini si lile.

#18 DakikaNne
Sakafu ya hoteli ile siikai, nimeiona chini ya kitanda.

#19 DerevaMstaafu
Wanaanga wa kituo cha anga cha kimataifa hufanya mazoezi takriban saa mbili kila siku, na hao ndio wasafiri wakubwa kuliko sisi sote. Dakika nne zako uwapelekee wao.

#20 MguuNjia
Mimi nawapinga wote kwa mfano wa mwili wangu. Nikisafiri kwa matembezi ninapungua, nikisafiri kwa kazi ninaongezeka, na hoteli huwa ni za daraja lilelile, na bufee ni zilezile. Matembezini nazunguka mji kwa miguu kutwa na napanda kila ngazi inayoahidi mandhari. Kazini natoka chumbani kwenda ukumbini kwa lifti, na kila baada ya saa moja na nusu analetwa mtu na chai, keki na sambusa. Sambusa zile sikuziagiza, sikuzilipia, na bado nazila kwa sababu mwenzangu anakula. Naona tatizo si safari, ni ajenda ya mkutano. Sina uhakika kama hatua 10,000 zinazosemwa ni lazima, lakini siku za matembezi nazipita kabla ya alasiri.

#21 SaaMbiliMbele
Hizo 10,000 hazikutoka kwa madaktari. Zilianza na tangazo la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba hata hatua 4,400 kwa siku ziliambatana na vifo vichache kuliko hatua 2,700, na faida ilikoma kuongezeka karibu na 7,500. Shirika la Afya Duniani linahesabu dakika, si hatua: kati ya 150 na 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili.

#22 MuuguziWaZamu
Niongeze kwa wale wa saladi. Msafiri anayejali afya hukimbilia mboga mbichi, na hizo ndizo ambazo hajui zimeoshwa kwa maji gani. Chakula kilichopikwa kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au chini ya 5, na kisikae katikati kwa zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo chagua kinachotoa mvuke, na tunda ulimenye mwenyewe. Ukiharisha, lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kulundika. Damu au homa kali vikionekana, nenda kituo cha afya. Nimewaona watu wakifurahia kilo walizopungua kwa njia hiyo, nao walikuwa wamepoteza maji tu.

#23 MzigoMwepesi
Maji tena! Dada amenipa ushindi bila kukusudia.

#24 BintiWaMilima
Amekupa ushindi wa kwenda chini, kaka. Sisi tunajadili wa kwenda juu. Nina pendekezo. Achana na mizani, safari ijayo pima kiuno kabla ya kuondoka na wiki mbili baada ya kurudi, kabla hujaondoka tena. Maji ya miguuni hayatafika huko.

#25 ChumaKidogo
Apime katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, amesimama, baada ya kutoa pumzi kawaida. Wengi hupima kwenye mkanda wa suruali, ambao kwa wenye kitambi huwa umeteremka chini ya tatizo.

#26 MzigoMwepesi
Nimekubali. Naondoka wiki ijayo, nitaleta vipimo hapahapa. Ila sambusa za mkutanoni nitazila kama kawaida, vinginevyo jaribio halitakuwa la haki.

#27 FundiWaJikoni
Kula, lakini hesabu ngapi, na utuandikie zilikaangwa au zilipikwa ovenini.

#28 TumboLimefura
Mtapima kiuno asubuhi au jioni? Kwangu tofauti ya hapo peke yake ni tundu zima la mkanda, na hakuna aliyenijibu kuhusu safu yangu ya #13.